Semeni na Mitumbwi Arobaini ya Nyamakumbo

Kisa kinakuja!

*Na kije!*

Kinakuja kwa miguu?

*Hapana, kwa mtumbwi!*

Kina ukweli ndani yake?

*Kiasi!*

Na chumvi je?

*Tele!*

Eeh, hapo sawa. Nani huyo kasema "tele" kwa sauti kushinda wenzake? Wewe Chausiku? Leo utakula samaki asiye na chumvi, uone. Sogeeni huku, mvua inaingia mlangoni. Na wewe hapo, toa kidole masikioni, kisa hiki kinataka matundu yote yawe wazi.

Kwanza mjue nani anawasimulia. Mimi nimesoma. Msinione hivi. Nimesoma mpaka darasa la pili, na la tatu nililichungulia dirishani. Mwalimu akaniambia, "Mwanangu, nenda nyumbani, ukiendelea hapa utaimaliza elimu, wenzako wakose." Nikaondoka kwa huruma tu.

Mnasikia bibi yenu anavyoguna huko jikoni? Mwacheni. Wivu.

Basi zamani, zamani ile yenyewe, siyo hii ya juzi, mto wetu Rufiji ulikuwa bado kijana na hauna adabu. Ulikuwa mpana, ukimpungia mkono mtu wa ng'ambo leo, salamu inamfikia kesho mchana. Mamba walikuwa warefu, kichwa kiko kwetu, mkia uko ukweni kwake. Na viboko? Viboko walikuwa wakipiga miayo, ndege wanaingia mdomoni kujenga viota.

Kando ya mto huo palikuwa na kijiji, jina lake Nyamakumbo. Watu wa Nyamakumbo walichimba mfereji. Kwa mikono! Walichimba kutoka mtoni mpaka katikati ya nyumba, ili mtu akitoka kuvua aingie na mtumbwi wake mpaka mlangoni, amkabidhi mke samaki, asikanyage tope. Na ndani ya mfereji ilikaa mitumbwi mingapi?

*Arobaini!*

Arobaini! Imepangwa upande huu na upande huu, kila mmoja na kigingi chake, kigingi kifupi cha kufika kiunoni. Na hapo hapo kandokando yalisimama madungu, zile nyumba zetu za juu ya nguzo, nguzo ndefu mara tatu ya mtu. Zishikeni akilini hizo nguzo. Mtaziulizia baadaye.

Sasa sikilizeni ugonjwa wa watu wale. Kila mwanamume wa Nyamakumbo alikuwa na fundo lake. Namna yake ya kufunga mtumbwi, ya peke yake. Alifundishwa na baba yake chumbani, mlango umefungwa, na hamfundishi mtu ila mwanawe wa kiume. Mke hajui. Ndugu hajui. Wakikutana asubuhi mferejini ni majigambo matupu. "Fundo langu lina macho saba!" "Langu hata nyani alishindwa, alilia!" Kumfungulia mtu mtumbwi wake ilikuwa sawasawa na kumvua nguo sokoni. Na kukata kamba ya mtu? Aka! Atakayekata kamba ataondoka kijijini kwa miguu, na mtumbwi hapandi tena mpaka afe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao, na aliyeisimamia alikuwa mkuu wa mfereji, Mzee Mkumba.

Mzee Mkumba! Kifua kama mlango, sauti kama ngoma iliyoanikwa juani. Mtumbwi wake ulikuwa mkubwa kupita yote, kuku akitaga mbele, vifaranga wanakuwa majogoo kabla hawajafika nyuma. Na fundo lake aliliita Kaburi. "Kwa nini Kaburi, Mzee Mkumba?" Anacheka. "Kwa sababu likishafungwa, hatoki mtu!"

Na katika kijiji hicho hicho alikuwepo binti mmoja, Semeni. Huyo ni mama yake bibi yangu. Mimi nilikuwepo? Nilikuwepo! Sijazaliwa, lakini nilikuwepo, nilikuwa nimekaa huko mbele kwenye foleni nachungulia. Usicheke, Chausiku. Samaki bila chumvi, na pilipili nakunyima.

Semeni alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na mtumbwi mmoja mferejini. Mtumbwi wa baba yake, unaitwa Tulia. Baba yake alitoka kuvua jioni moja, akaufunga Tulia kwenye kigingi, akaingia ndani, homa ikampiga, hakuinuka tena. Akafa na fundo lake. Kaka hana, baba mdogo hana, hakuna mtu duniani aliyelijua fundo lile. Basi Tulia akabaki pale pale mwaka mzima, amefungwa kama mikono ya marehemu ilivyomwacha. Kila asubuhi Semeni anashuka na kata ya kuchotea, anakumba maji ya mvua yaliyoingia, anaufuta, analigusa fundo kwa kidole, anaondoka. Watu wanamwambia, "Kata kamba ya baba yako, upande mtumbwi uvue." Anasema, "Kitu cha mwisho mikono ya baba ilichofanya ni hicho. Siwezi."

Haya.

Siku moja wanaume wote wa Nyamakumbo wakaondoka. Wote! Walikuwa wamechonga mtumbwi mpya huko kilimani msituni, gogo kubwa, na gogo la namna ile halikokotwi na watu wawili. Linataka kijiji kizima na nyimbo zake. Asubuhi ile mbingu ilikuwa imenuna. Mzee Mkumba akatazama juu, akatema mate, akasema, "Upepo utakuja. Wanaume! Fungeni mitumbwi! Fungeni fupi, fungeni kwa kukaza, mtumbwi usipate hata nafasi ya kukohoa!"

Wakafunga. Pua kigingini, mkia kigingini, kamba fupi kama hasira ya mama mkwe.

Semeni alikuwa pale anakumba maji. Akasema, "Mjomba Mkumba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mjomba, upepo mmeufungia. Maji je? Maji yakipanda, kamba fupi hiyo itapanda nayo?"

Wanaume wakaangua kicheko, mmoja akaanguka mferejini kwa kucheka. Mzee Mkumba akasema, "Yapande yaende wapi? Mvua za mafuriko bado miezi miwili! Wewe mwanamke, kazi yako fundo la mbeleko. Funga mtoto, mitumbwi tuachie sisi."

"Haya, mjomba."

Wakaenda zao kilimani, wanaimba.

Sasa jishikilieni! Nani kashika nguzo? Shika na mwenzio!

Jua lilipofika utosini, upepo ukaja. Upepo gani ule! Uliwanyonyoa kuku, wakabaki uchi wanaoneana aibu. Ulimchukua mbuzi wa watu, ukampitisha juu ya paa, akashukia kijiji cha tatu, na huko akakuta kashaolewa. Halafu mvua. Tone moja linajaza mtungi, la pili linaupasua! Halafu kukawa kimya, na ndani ya kimya hicho wakasikia *gu-gu-gu-gu-gu*. Mto. Mto ulikuja umesimama wima, wanangu, umebeba miti na mizizi yake, umebeba banda la mtu na jogoo wake juu anawika, hajui kama ni asubuhi au ni kiama.

Wanawake wakawapandisha watoto na wazee madunguni. Mto ukaingia mferejini, mfereji ukajaa. Maji yakafika magotini. Maji yanapanda! Na kamba je? Nijibuni: maji yanapanda, kamba je?

*Kamba haipandi!*

Yakafika mapajani. Mitumbwi inataka kuelea juu, kamba inaivuta chini. Pua zimeinama kama ng'ombe anayekunywa. Maji yanapanda!

*Kamba haipandi!*

Na mtumbwi wa kwanza kule mwisho, *tubwi!* Ukaenda chini mzima, kamba yake haijalegea hata uzi. Haukuuzamisha upepo. Hakuuzamisha mamba. Uliuawa na fundo la mwenyewe.

Semeni akapiga kelele, "Jamani, mitumbwi inakufa! Na madungu haya yatachukuliwa na haya magogo, na watoto wamo humo! Bila mitumbwi tutakwenda na nini?"

Wakakimbilia vigingi. Huyu anavuta, yule anang'ata, wapi! Kamba za enzi zile zilikuwa za gome la mti, na gome likilowa linajibana kama mtoto anayenyimwa titi. Macho saba yakawa sabini. Mwanamke mmoja akavunja kucha zote kumi, akaanza kuazima za jirani.

"Lete panga," akasema Semeni.

Hapo akaruka Bi Zamoyoni, mke wa Mzee Mkumba, mwanamke mpana, maji yalikuwa yanampisha. "Panga la nini, Semeni?"

"La kukatia kamba, Mama Mkubwa."

"Usithubutu! Unaijua sheria. Ukikata kamba ya mtu unaondoka kwa miguu, na mtumbwi hupandi tena. Na sisi tuliokuangalia tutajibu nini?"

"Semeni kakata. Jibuni hivyo."

"Hapana! Tusubiri wanaume!"

"Wanaume wako kilimani, maji yako hapa!"

"Basi ukate wa nani kwanza? Mtaje mwenyewe mwenye kamba yake! Eti wa nani?"

Kila mwanamke anatazama mtumbwi wa mumewe, na mitumbwi inainama. Semeni akageuka. Akamtazama Tulia. Pua ya Tulia imeshazama, na lile fundo liko chini ya maji, halionekani tena.

Jamani. Mimi napenda utani, lakini hapa naomba msitafune mihogo kwa muda mdogo.

Semeni akaingiza mkono majini. Akalipapasa fundo la baba yake, kama kila asubuhi. Akasema taratibu, "Baba, nisamehe. Ulifunga vizuri sana." Akakata. Juu kidogo ya fundo, na chini kidogo ya fundo. Akalitoa zima, akalitia kwenye mbeleko, pamoja na mtoto.

Tulia akaruka juu kama samaki! *Pwaa!*

"Haya!" Semeni akawageukia. "Mimi nimekata la marehemu, ambaye hawezi kulifunga tena. Ninyi wenu wakirudi watafunga mengine. Nani anaogopa zaidi yangu?"

Basi! Mapanga yalitoka, hata ya kuchinjia kuku! Chakata! Chakata! Lakini ngojeni, msishangilie, ninyi mna haraka kama baba zenu. Mtumbwi uliokatwa kamba unafanya nini kwenye mafuriko?

*Unakwenda!*

Unakwenda! Mto hauulizi jina. Wa pili kukatwa ukaanza safari ya baharini, wakaukamata mkiani watu tisa. "Kamba! Kamba nyingine!" Kamba ziko wapi? Zote ni vipande. Semeni akatazama madunguni. "Vitanda!" akasema. "Fumueni vitanda!" Wakafumua kamba za vitanda vyote Nyamakumbo. Kulikuwa na mzee mmoja amelala kitandani anaumwa mgongo, alijikuta amelala hewani, na mpaka leo haijulikani alishikwa na nini.

"Tufunge wapi? Vigingi vimezama!"

Nani aliishika ile nguzo niliyosema muishike? Eeh! Nguzo za madungu!

Semeni akasema, "Msiifunge nguzo. Izungushieni. Kamba izunguke nguzo iwe kama bangili kwenye mkono mwembamba, icheze. Maji yakipanda, bangili ipande. Maji yakishuka, bangili ishuke. Na mtumbwi muuachie kamba, pima mbili, urefu wa mikono iliyonyooshwa mara mbili, upate kupumua."

"Na fundo, Semeni? Tufunge fundo gani? Sisi hatukufundishwa fundo!"

Semeni akacheka katikati ya mafuriko! "Hamkufundishwa? Mtoto mgongoni mnamfunga na nini?"

Fundo la mbeleko. Tazameni, bibi yenu hulifunga kila siku. Linashika mtoto mwenye teke kama punda, halilegei. Lakini mama akitaka kumtoa, mkono mmoja umeshika sufuria, wa pili unavuta ncha moja tu, *sss*, limefunguka. Kila mwanamke Nyamakumbo analijua. Hata vipofu. Hata wanaogombana wanalijua moja!

Wakakata, wakashika, wakazungusha, wakafunga la mbeleko. Wakakata, wakashika, wakazungusha, wakafunga la mbeleko. Maji yanapanda! Na bangili je?

*Bangili inapanda!*

Maji yanapanda!

*Bangili inapanda!*

Ukabaki mmoja. Mtumbwi wa Mzee Mkumba. Kaburi! Kamba tatu, nene kama mkono wangu nilipokuwa kijana, yaani kama shina la mnazi. Bi Zamoyoni ameusimamia, maji shingoni. "Huu uacheni! Mnaniua! Nitapewa talaka humu humu majini!" Mtumbwi ukalia *kwaaa*, gogo lake linataka kupasuka. Akautazama. Akatazama dunguni, wajukuu zake sita wanalia, na gogo moja limeshagonga nguzo, dungu linapepesuka. Akavuta pumzi.

"Semeni, nipe panga."

"Mama Mkubwa, niache nikate mimi, ili lawama iwe moja."

"Nipe panga, mtoto wewe! Nimempikia mwenye fundo hili miaka thelathini. Hajawahi kusema kimeiva. Leo na mimi nina neno!" Chaka! Chaka! Chaka! Kaburi likafufuka.

Wakawapakia watoto wote na wazee wote. Dungu lile lilianguka wa mwisho akiwa ametia mguu mmoja tu mtumbwini. Hakufa mtu. Hakufa hata kifaranga, isipokuwa yule mbuzi, na yeye hakufa, alihama.

Na wanaume? Wamekwama kilimani! Mlima umezungukwa na maji pande zote, umebaki kofia, na ule mtumbwi wao mpya mto umeshaubeba. Siku tatu wanakula majani, ya nne wanatazamana vibaya. Wamepanda mitini kama korongo. Mara wakaona, huko mbali, mitumbwi inakuja. Mmoja, miwili, kumi, thelathini na tisa! Wanawake wanapiga makafi, watoto wanaimba. Na mbele kabisa mtumbwi Tulia, Semeni amesimama.

Wanaume wakashangilia mpaka matawi yakavunjika. Lakini Mzee Mkumba, kutoka juu ya mti, tumbo limeshikana na mgongo, jicho lake la kwanza liliona nini? Kamba.

"Nani kakata kamba yangu?"

Makafi yakasimama.

"Nauliza! Kaburi langu liko wapi?"

Semeni akasema, "Mjomba, shikamoo."

"Marahaba! Nani kakata?"

"Kamba imekatwa, mjomba, ni kweli. Basi tunarudi tukaufunge kama ulivyouacha, fupi na kwa kukaza. Jamani, geuzeni!"

Mitumbwi thelathini na tisa ikaanza kugeuza pua. Wanaume mitini wakaanza kulia, "Mzee Mkumba, nyamaza! Mzee Mkumba, tunakuomba kwa jina la mama yako!" Mmoja akamrushia kiatu cha ngozi, ambacho ndicho kilikuwa chakula chao cha jioni.

"Ngojeni!" akasema Mzee Mkumba. "Tutakuja. Lakini sheria ni sheria! Aliyekata kamba ataondoka kijijini kwa miguu!"

"Ni mimi," akasema Semeni.

"Na mimi," akasema Bi Zamoyoni, "nimekata yako, mara tatu, na ningekuwa na nafasi ningekata ya nne." Na wanawake wote, "Na mimi! Na mimi! Na mimi!"

Semeni akasema, "Tutaondoka kwa miguu, mjomba, hatukatai. Tuonyeshe tu njia."

Mzee Mkumba akanyoosha mkono kuonyesha njia. Akatazama kulia, maji. Akatazama kushoto, maji. Maji mpaka mbingu inapokanyaga. Mkono ukabaki hewani hivi. Halafu kifua kile kikaanza kutikisika. Wakadhani analia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka tawi likakatika, akaangukia majini, akaokolewa na nani? Na mkewe. Na alipotiwa mtumbwini alishika ile kamba ya kitanda, akalivuta lile fundo la mbeleko, *sss*, likafunguka. Akalifunga tena. Akavuta tena, *sss*. Akasema, "Zamoyoni, hebu nifundishe taratibu."

Toka siku ile Nyamakumbo hakuna fundo la siri. Kila mtumbwi ukafungwa kwa bangili kwenye nguzo ndefu, kamba imeachiwa pima mbili, na kila mtu, mume, mke, mtoto, anajua kuufungua wa mwenzake. Na Semeni akavua na Tulia mpaka akazeeka. Alikamata kambare mmoja mkubwa, picha yake... haya, siku nyingine huyo.

Sasa mnaona mkebe huu? Sogeeni, msiguse. Hiki humu ndani ni nini? Fundo! Fundo lenyewe la baba yake Semeni, kutoka kwa Semeni mpaka kwa bibi yangu, mpaka kwangu. Halijafunguliwa na mtu. Bibi yenu atawaambia hiki ni kipande cha kamba ya ndoo. Msimsikilize. Tazameni lilivyosokotwa. Ndoo gani inafungwa hivi?

Basi mafunzo ni haya, na yashikeni kuliko nguzo. Kamba ya mtumbwi iachie ipumue. Na ukifunga kitu, mwonyeshe mwenzio namna ya kukifungua, maana siku maji yatakapokuja huenda wewe usiwepo.

Nini, mama watoto? Sema kwa sauti, mvua inapiga bati.

...

Anasema mtumbwi wetu huko chini niliufunga fupi asubuhi.

...

Anasema ameshaufungua, ameutia bangili kwenye nguzo ndefu, na maji yameshapita kigingi.

Chausiku, ukicheka tena, pilipili nayo utaisikia kwa jirani.

Kisa changu nimekifunga hapa, kwa fundo la mbeleko. Nani atakifungua kesho?

*Yeyote atakayevuta!*

Haya, nendeni mkale.